Mayai Niliyopeleka Maabara

Katika miaka ile ya shida, wakati sukari ilikuwa ya kibali na mche wa sabuni unakatwa kwa uzi majirani wagawane, mimi ndiye niliyekuwa napeleka mayai Kreta, kwenye lile shimo kubwa la wanyama. Sisemi kwa kujisifu, waulizeni wapishi wa zamani wa hoteli za kule ukingoni. Mzungu alikuwa anaamka asubuhi, ukungu umeziba dirisha, haoni shimo wala faru, lakini yai lake la kukaanga analiona, limekaa kwenye sahani linamtazama. Yai hilo lilipandishwa na lori langu. Nilikuwa natandika pumba za mashine yangu ya kusaga chini ya trei, napanda zile kona za mlimani kwa gia ndogo, na hakuna mpishi aliyewahi kunirudishia trei eti mayai yamevunjika.

Nilitoka mbali mpaka kufika hapo. Nilizaliwa Kansay, kwenye nyumba ya udongo ambayo hata paa lake lilikuwa udongo. Nimechunga ng'ombe wa watu, nimechuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, nimekuwa utingo wa lori la mtu, nalala juu ya magunia mvua inaninyeshea. Shule niliishia darasa la pili. Kusoma vizuri nilikuja kujifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, benchi moja na wazee wenye mvi. Lakini nyumba ya bati nilijenga, mashine ya kusaga nikafunga, lori nikanunua likiwa bovu nikalifufua kwa mikono yangu hii. Nilikuwa nimezoea kwamba kitu kikikataa nakiendea mwenyewe, nakisukuma, kinakubali. Injini ilikubali. Maofisa wa vibali vya dizeli, ambao walikuwa wagumu kuliko injini, nao walikubali. Kifua cha mke wangu ndicho kitu cha kwanza maishani mwangu kilichokataa moja kwa moja.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Mimi nikiwa barabarani yeye ndiye aliyesimamia mashine, anatoka jioni nyusi nyeupe kwa unga. Kikohozi kilimwanza kwenye baridi ya katikati ya mwaka, tukasema mafua. Baridi ikaisha, mahindi yakavunwa, mafua ya watu wengine yakaondoka, ya kwake yakabaki. Gauni lake la kanisani likaanza kumpwaya mabegani. Hospitali wakachukua makohozi, wakatazama kwa darubini, wakasema ni kifua kikuu.

Sikuogopa hata kidogo. Kifua kikuu kina dawa, kila mtu alijua. Alipigwa sindano mpaka akawa anakalia upande mmoja. Vidonge alivinywa mbele ya macho yangu, na nikiwa safarini nilimwachia jirani kazi ya kumtazama. Lakini kila walipopima tena, wadudu walikuwepo vilevile. Nesi mmoja akamwangalia kwa jicho baya.

"Mama, wewe unatema dawa."

"Niteme wapi, dada?" mke wangu akamjibu. "Nikiitema, huyu mwanaume ataiokota, ataipangusa vumbi, atanipa tena."

Wagonjwa wote kwenye benchi walicheka, na nesi naye akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ilikuwa kweli, ningeiokota.

Nilijaribu na mengine. Nilikwenda mpaka Soitsambu, siku nzima ya mawe na vumbi, kufuata mizizi ambayo wafugaji wa kule huchemsha kwenye supu ya mbuzi. Akanywa sufuria nzima. Nikamuuliza anaonaje.

"Supu ni nzuri," alisema. "Lakini nimekunywa mimi. Kikohozi hakikuonja."

Baada ya mwaka wa sindano na vidonge, daktari wetu wa Karatu aliniita ofisini peke yangu. Alikuwa kijana mpole, anamwita kila mtu ndugu kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule.

"Ndugu, wadudu tunawaona," alisema. "Lakini kwa darubini tunaona umbo tu. Ni kama kumwona mtu kwa mbali, amejifunga shuka. Unajua ni mtu, hujui ni wa nani. Inabidi makohozi haya yapelekwe maabara kubwa mjini, wawapande waone wataotaje."

"Wawapande? Kama mbegu?"

"Kama mbegu hasa."

Hilo nililielewa. Nikalipeleka kopo mwenyewe. Nililiweka kwenye bati la maranda ya mbao, nikalifunika kitambaa kibichi lisipate joto, nikaendesha mpaka mjini kwa uangalifu zaidi kuliko nilivyowahi kuendesha trei za hoteli.

Pale maabara alikuwepo bwana mmoja mnene, mcheshi, mtu wa upande wa Kilimanjaro, ambaye kazi yake ilikuwa wadudu wa kifua na kufundisha wanafunzi. Alipokea kopo, akaniambia nirudi baada ya wiki kadhaa, wadudu hawa hawana haraka. Niliporudi alinikaribisha kwenye kiti.

"Tajiri, mke wako hana kifua kikuu."

Nilisimama nimkumbatie. Akaninyooshea kiganja.

"Ngoja kwanza. Ana jamaa yao. Ukoo mmoja, kwenye darubini huwatofautishi. Lakini wale wa kifua kikuu wanaishi ndani ya mtu. Hawa wanaishi kwenye udongo, kwenye maji, kwenye vumbi. Mimi na wewe tunawavuta kila siku, hawatufanyi lolote. Kwake wamekuta kifua kilichochoka, wakajenga."

"Wamejenga bila kibali," nikasema.

"Bila kibali kabisa!" Alicheka mpaka miwani ikamshuka. Halafu akaacha kucheka. "Shida yao ni moja. Dawa za kifua kikuu wanazitazama tu. Wengine zinawaua, wengine haziwaui. Hatuwezi kukisia. Inabidi tuwaulize wenyewe."

Akanieleza jinsi wanavyoulizwa, na mimi nitaeleza kama nilivyoelewa. Wadudu hawa wanalishwa mayai. Mayai yanapigwa, yanachanganywa na dawa ya rangi ya kijani, yanamiminwa kwenye vichupa vyembamba, vinalazwa ubavu kwenye mvuke mpaka yagande. Kila kichupa kinatiwa dawa moja ya hospitali kabla mayai hayajaganda. Hiki dawa ya sindano, hiki vidonge vya namna hii, hiki vya namna ile. Kimoja kinaachwa bila dawa yoyote. Hicho alikiita shahidi. Halafu wadudu wa mgonjwa wanapandwa kwenye vyote, vinawekwa kwenye kabati la joto, mnasubiri. Pale watakaposhindwa kuota, dawa ile ndiyo atakayopewa mgonjwa. Pale watakapoota, dawa ile kwao ni ugali tu.

"Basi fanya," nikamwambia. "Unangoja nini?"

"Mayai. Vichupa ninavyo, dawa ninazo, kabati ninalo. Mayai ya mwisho ndiyo niliyopandia yale makohozi. Mayai ya mji huu yanakwenda hotelini na nyumbani kwa wakubwa."

Nilicheka mimi sasa. "Bwana mkubwa, hayo maneno unamwambia nani? Unataka mayai? Nitakuletea mpaka uweke mengine chini ya kitanda."

"Niletee ya kienyeji, mapya, ya wiki hiyohiyo."

"Kienyeji?"

"Kienyeji," akasema, akaitwa na wanafunzi wake, akaondoka.

Nilimfikiria njia nzima. Mimi, mtu wa kupeleka mayai Kreta, nipeleke kwa ajili ya uhai wa mke wangu vijiyai vya kuku wanaolala jikoni, vyenye kinyesi na manyoya? Nyumbani kuku wa namna hiyo walikuwepo, wa mke wangu, nilikuwa nawapiga teke kila nikiingia kuota moto. Kule njia ya Oldeani kulikuwa na bwana aliyefuga kuku wa kizungu, weupe, ndani ya banda la waya. Kuku wake walikuwa wanakunywa maji ya njano yenye dawa, hakuna aliyekohoa wala kupiga chafya. Mayai yao ndiyo niliyouza hotelini, makubwa, safi, yote saizi moja kama yametoka kiwandani. Nikasema mgonjwa wangu atapimwa kwa mayai haya. Kama yanafaa kwa watu waliovuka bahari kuja kuyala, wadudu wa Karatu ni nani wayakatae?

Nilipofika nayo bwana maabara hakuwepo, alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba. Alinipokea msaidizi wake, mama mmoja mwenye koti jeupe. Alipofunua trei alishika shavu.

"Baba, haya mayai au maembe?"

"Hayo ndiyo mayai," nikamwambia. "Na moja lako, kakaange."

Akayapiga siku hiyohiyo. Mimi nikarudi kwenye barabara zangu. Mke wangu nilimweleza yote, vichupa, kijani, shahidi. Alisikiliza amelala ubavu, maana akilala chali alikuwa anakabwa.

"Kwa hiyo wanakula mayai," alisema. "Na mimi nakunywa uji."

Wiki zilizofuata nilikuwa na tumaini la mtu aliyepanda kwa wakati. Nilipopanda Kreta niliwaambia wapishi mke wangu anapimiwa dawa yake mwenyewe, ya kifua chake peke yake, kama suti ya kushonewa. Nani mwingine wilayani alikuwa amefanyiwa hivyo? Hakuna.

Muda ulipofika nikaenda. Bwana maabara yuko darasani, msaidizi yuko kwenye kabati. Nikamuuliza kupitia mlangoni.

"Vipi, mama? Wameota?"

"Hakijaota kitu, baba."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Lakini msubiri mwenyewe akueleze..."

Mwenyewe nimsubiri wa nini? Nilikuwa nimeviona kwa mbali, vichupa vyote kijani kitupu, visafi kama majani baada ya mvua. Dawa zote zimewaua! Nilikuwa nimeomba ipatikane moja, nimepewa zote! Niliendesha kurudi Karatu huku naimba nyimbo za kanisani na za pombe kwa pamoja, na nilipofika sikulala kabla sijawaambia watu waje kesho yake.

Nilichinja kondoo mnene, mafuta ya mkia yanadondoka. Pombe ya mtama ilikuwepo. Walikuja majirani wa pande zote, na wazee wengine wakatoka Kansay kwa miguu. Mzee mmoja aliyenichungisha ng'ombe wake utotoni alininyooshea fimbo.

"Wewe mtoto, uliwashinda maofisa, leo umewashinda hata wadudu!"

"Bado simba tu, mzee!" nikamjibu, watu wakashangilia.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti juani, blanketi magotini, kipande cha nyama mkononi hakijaumwa. Akaniita kwa kidole. Nikainama.

"Baba watoto. Na ile isiyo na dawa?"

"Ipi?"

"Shahidi. Ulisema kipo kimoja hakikutiwa dawa. Hicho kimeota?"

"Mke wangu, nimesema hakuna kilichoota. Hata kimoja!"

"Hata shahidi."

"Hata shahidi!" nikasema, nimeinua kibuyu, nafurahi kwa sauti.

Akatazama shamba letu lililokuwa pale mbele, mabua yamekauka.

"Ukipanda mahindi," alisema polepole, anavuta pumzi katikati ya maneno, "ukatia mbolea mistari yote, ukaacha mstari mmoja. Halafu hakuna mstari ulioota. Utasifu mbolea?"

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini watu walikuwa wamejaa uani.

"Leo usiniharibie watu," nikamwambia.

"Siwaharibu," alisema. "Waache wale." Akauma ile nyama, akatafuna, akawapungia mkono wanawake waliokuwa wanaimba kwa ajili yake. Hakusema tena neno hilo siku ile.

Nilirudi mjini. Bwana maabara alikuwa ananisubiri, ameshaambiwa nilivyoondoka nikishangilia, na safari hii hakuniita tajiri.

"Nani kakwambia mama amepona?"

"Msaidizi wako. Alisema hakijaota kitu."

"Hakijaota kwa sababu chakula kilikuwa kibovu! Shahidi asipoota hakuna kesi, mzee! Nimepanda na wadudu wengine pale, wale wa kawaida wasiokataa kitu, nao hawakuota. Mayai yale ulitoa wapi?"

Nikamwambia.

"Kuku hao wanapewa dawa?"

"Wanapewa nzuri sana. Ya njano, kwenye maji."

Akaketi. Akavua miwani, akajifuta uso na mkono wa koti. "Nilikwambia kienyeji. Dawa ya kuku inaingia kwenye yai."

Hapo nikaona mlango. Mimi ni mtu wa kuona milango. "Si ndiyo vizuri? Kama dawa ya kuku imewashinda, mpe mke wangu dawa ya kuku! Nitaileta gunia zima!"

Sijui kama alitaka kucheka au la. "Sijui kama ni hiyo," alisema. "Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa nyingine, inaweza kuwa mvuke ulizidi, tukayapika mno. Siwezi kumtibu mtu kwa yai bovu. Lakini lete unga wake kidogo. Tukipanda upya nitaupa nao kichupa."

"Wadudu wenyewe bado wapo?"

"Wapo. Wale wa kwanza niliwaweka. Hawana wasiwasi."

Safari ya pili mayai aliyatafuta mke wangu mwenyewe. Sikumtuma, aliamua. Alianza na ya kuku wake wa jikoni, halafu akakaa barazani, na kila mwanamke aliyepita kwenda mashineni akamwomba yai. Wakaleta mawili mawili, kwenye vikapu vya mtama, kwenye ncha za khanga, wengine kutoka mbali ambao sikuwajua. Kila yai alilitumbukiza kwenye sufuria ya maji. Likilala chini kabisa, anaweka. Likiinua kichwa, anarudisha.

"Mayai ya nini yote haya, mama?" bibi mmoja akamuuliza.

"Ya wadudu wangu, bibi. Wana njaa."

Akataka twende wote. Nikamweka mbele kwenye lori, nimemzungushia mito, kila shimo barabarani nalipita kwa kusimama. Bwana maabara alipofunua pumba akaona vile vijiyai vya rangi kumi, vingine bado vina unyoya, alipiga makofi.

"Mama, haya ndiyo mayai! Huyu mzee aliniletea nini?"

"Huyu anapenda vikubwa," mke wangu akamwambia. "Ndiyo maana alinioa mimi mrefu."

Walicheka pamoja, yeye akakohoa baadaye mpaka msaidizi akamletea kiti na kopo. Kwenye kopo mlikuwa na damu. Bwana maabara aliiona, mimi niliiona, na mke wangu akalifunika kopo kwa khanga kama anafunika chakula cha mgeni.

Tukasubiri tena. Masika yakaja. Barabara ya Kreta ikawa tope, lori linazama mpaka ekseli, mimi nalichimbua, napanda, nateremka. Sikuacha kazi, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga. Kama jibu lingekuwa ile dawa nyekundu, ile inayogeuza mkojo rangi ya chai, ambayo kwetu ilikuwa adimu, nilikuwa nimeshaongea na mtu wa Namanga, mpaka umefungwa haujafungwa. Kama jibu lingekuwa dawa ya Ulaya, kulikuwa na Mzungu mmoja wa hotelini aliyekuwa ananiheshimu. Chochote ambacho wadudu wale wangekiogopa, ningekileta. Hilo tu nilikuwa nataka kwao. Waogope kitu kimoja.

Siku ya jibu nilikwenda peke yangu. Mke wangu alikuwa hawezi tena lori. Bwana maabara alikuwa amevipanga vichupa kwenye kibao chake cha matundu, karibu na dirisha, na alikuwa amewatoa wanafunzi.

"Shahidi ameota," alisema.

Nilimwona shahidi. Juu ya ile kijani kulikuwa na vitone vidogo vya rangi ya maziwa ya mtindi, laini, vimejaa, vimeshikana. Kama lingekuwa shamba ningesema mvua imekuja vizuri.

Akachukua kingine. "Hii ni sindano yake ya mwaka mzima." Vitone vilevile. Akachukua kingine. "Hivi ndivyo vidonge vyake." Vilevile. Alivishika kimoja kimoja, ananionyesha mwangani, anataja dawa, anarudisha. Alipofika kwenye ile nyekundu nilifumba macho kidogo, nikafumbua. Ilikuwa imeota sawasawa na shahidi, huwezi kusema kipi ni kipi.

"Ya kuku?" nikamuuliza.

"Hii hapa." Imeota nayo.

Kwa hiyo mpaka leo hakuna anayeweza kuniambia kwa uhakika kwamba mayai yale ya kwanza yalikuwa na kosa. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaona haina faida.

"Zipo nyingine?"

"Nimetia zote zilizopo nchini, mzee. Nyingine nimezisoma tu kwenye vitabu vya wenzetu. Na huko nako wadudu hawa wanawasumbua."

"Rudia."

"Nimerudia. Mayai ya mama yalitosha kurudia."

"Kumkata sehemu ya pafu?"

"Ongea na daktari wako. Picha ya kifua nimeiona. Wako pande zote mbili."

Nilisimama pale, mtu niliyefufua lori lililokuwa limeota majani kwenye injini, na mikono yangu haikuwa na cha kushika. Nikamshukuru. Yeye akanisindikiza mpaka kwenye gari, akanifungulia mlango, kitu ambacho hakuwa amekifanya siku zote.

Nilimkuta mke wangu kwenye mlango wa jiko, kuku wake wamemzunguka. Aliniangalia ninavyoshuka kwenye lori.

"Yameota?"

"Yameota."

"Yote?"

"Yote."

Akatikisa kichwa polepole, na nadhani kulikuwa na tabasamu. "Mayai ya majirani hayana mchezo," alisema. Halafu akaniuliza jambo moja tu, kama ni lazima aendelee na vile vidonge vinavyomtapisha. Nilimwambia nitamuuliza daktari. Nilimuuliza, naye alitazama meza akasema, ndugu, mama afanye anavyoona. Akaviacha. Majuma yale baada ya kuviacha hamu ya chakula ilimrudia, akawa anakula, anachekesha watu, na wapo majirani waliosema anapona. Sikuwabishia na sikuchinja kondoo.

Alifariki kabla ngano haijakomaa. Jeneza nililitengenezesha la mninga. Pale kwetu hakuna aliyewahi kuzikwa kwa jeneza la mninga, na watu walilisifu, na mimi nilisimama nalisikia likisifiwa.

Sikuwa na sababu ya kwenda tena maabara. Lakini nilikuwa mjini kwa ajili ya vipuri, muda umepita, nikakutana na bwana maabara sokoni. Alinipa pole, akaniuliza watoto. Kisha akasitasita, mtu mcheshi vile.

"Mzee, wale wadudu wa mama ninao bado. Nafundishia. Wanafunzi lazima wawaone, maana hawa hawapatikani ovyo. Lakini kila baada ya muda nawahamishia kwenye chakula kipya, la sivyo wanakufa."

Nikahamishia vipuri mkono wa pili.

"Sasa mayai, mzee... unajua hali yenyewe."

Nilimwacha amesimama pale, nikapanda lori. Nilikuwa na hasira mpaka nikaipitiliza njia ya kwetu. Wafe, nikasema. Wafe na vichupa vyao. Nilifika nyumbani, nikaingia jikoni kuota moto, kuku wakanipitia miguuni, na sikuwapiga teke, nilikuwa nimeshaacha. Mmoja alikuwa ametaga kwenye kapu la zamani la mke wangu. Nikakaa. Nikawaza kwamba kila kilichokuwa ndani ya kifua kile kimekwenda chini, isipokuwa hicho kimoja kilichoko kwenye kichupa, kwenye kabati la joto, na hicho kinaomba kula.

Sasa kila nikienda mjini napitia maabara. Watoto sijawaambia. Jana nilimkuta kwenye meza yake, akafunua pumba, akachukua yai moja akalielekeza dirishani.

"Mapya?"

"Ya asubuhi."

"Kuku wa nani?"

"Wake," nikamwambia.